Mtakatifu Morisi: Askari Aliyekataa Amri

Ndugu msomaji, ukiingia katika kanisa kuu la mji wa Magdeburg, mashariki mwa Ujerumani, utakutana na mtu ambaye hukutarajia kumkuta pale. Ni Mwafrika. Uso wake mweusi, pua yake pana, midomo yake imejaa, na macho yametulia kama ya mtu aliyezoea lindo la usiku. Amevaa mavazi ya vita ya karne ya 13, vikuku vidogo vidogo vya chuma vilivyosukwa vikafunika kichwa na shingo. Miguu yake imekatika. Mkuki aliokuwa ameushika haupo tena. Amechongwa kwa jiwe la mchanga, kati ya mwaka 1240 na 1250 hivi, na hadi leo wenyeji humwita mlinzi wao.

Jina lake ni Morisi. Kwa Kilatini, Mauritius. Mtakatifu wa Kanisa, shahidi wa imani, na kabla ya yote hayo, askari.

Mimi nilimwona kwa mara ya kwanza kwenye picha, ndani ya kitabu cha sanaa kilichochakaa, na swali likanikaa kichwani: huyu kaka kafikaje pale? Karne ya 13, katikati ya Ulaya, madhabahuni, tena kavaa kama shujaa! Nimefuatilia habari zake tangu siku hiyo. Nilichokipata ni hadithi ya watu wawili ndani ya jina moja. Mmoja alikataa amri ya mfalme. Mwingine amekuwa akipewa amri na wafalme kwa zaidi ya miaka elfu moja. Hebu tuwafuate wote wawili.

HADITHI YENYEWE

Inasimuliwa hivi. Karibu mwaka 286, Kaisari Maximianus, aliyetawala upande wa magharibi wa Dola ya Roma, alihitaji askari wa nyongeza. Akaletewa legioni nzima kutoka Thebe, huko Misri ya Juu, pale ambapo leo pana mji wa Luxor. Walikuwa askari 6,600, na wote, mkubwa kwa mdogo, walikuwa Wakristo. Kiongozi wao alikuwa Morisi. Chini yake walikuwapo Exuperius na Candidus.

Wakavuka bahari, wakavuka milima ya Alps, wakapiga kambi mahali panaitwa Agaunum, nchi ya Uswisi ya leo. Ni bonde jembamba, majabali kushoto na kulia, mto Rhône unapita katikati. Hapo ndipo amri ilipowafikia: nendeni mkawakamate Wakristo.

Wakakataa. Kaisari alikuwa mji wa jirani, na habari zilipomfikia hasira zikampanda. Akaamuru wahesabiwe, na kila wa kumi auawe. Yaani unasimama kwenye mstari, unasikia namba zinakujia, tisa... halafu wewe. Wakauawa. Waliobaki wakaulizwa tena, wakakataa tena, wakahesabiwa mara ya pili. Morisi na wenzake wakapita katikati ya askari wakiwatia moyo. Wakampelekea Kaisari ujumbe kwamba wao ni askari wake na watapigana na adui yeyote, ila mikono hiyo haitamwaga damu ya watu wasio na hatia. Kiapo cha Mungu walikila kwanza, cha Kaisari kikafuata. Silaha walikuwa nazo, lakini hawangezitumia kujitetea.

Basi wakauawa wote, na hakuna aliyeinua upanga.

Hadithi inaongeza mzee mmoja aitwaye Victor, askari mstaafu aliyekuwa anapita njia. Aliwakuta wauaji wanakula na kunywa, wanagawana mali za marehemu, wakamkaribisha. Akakataa kula nao. Wakamuuliza kama naye ni Mkristo. Akasema ndiyo. Wakamuua papo hapo. Mimi huyu mzee ananigusa kuliko wote. Legioni ilikataa amri ya Kaisari. Yeye alikataa sahani ya chakula, akafia hapo.

ILIPIKWAJE?

Sasa tuingie jikoni. Aliyetuachia maandishi haya ni Eucherius, askofu wa Lyon, na aliyaandika kabla ya mwaka 450. Piga hesabu mwenyewe: kutoka 286 mpaka hapo imepita miaka 150 na zaidi. Eucherius mwenyewe anaeleza alivyoipata. Aliisikia kwa watu, nao waliisikia kwa Isaac, askofu wa Geneva, na Isaac inaaminika aliipata kwa Theodorus, askofu wa Octodurum. Huyu Theodorus ndiye anayesemekana kufunuliwa mahali ilipolala miili ya mashahidi, akawajengea kanisa chini ya jabali. Tunajua aliishi kweli, maana alihudhuria mkutano wa maaskofu wa Aquileia mwaka 381.

Kwa hiyo mnyororo upo, lakini unaanzia kwa Theodorus. Nyuma yake ni kimya. Eusebius na Lactantius, waandishi wa Kikristo walioishi wakati wa mateso yale na wakaandika habari zake, hawataji legioni ya Thebe hata kwa sentensi moja. Watu 6,600 wauawe kwa siku moja, halafu asiwepo hata mmoja wa kuandika? Tena mwaka 286 msako wa Wakristo katika dola nzima ulikuwa bado. Ule wa Kaisari Diocletianus ulianza mwaka 303. Mwaka 1956 mwanahistoria Denis van Berchem alitoa kitabu kizima juu ya jambo hili, akahitimisha kwamba hadithi hii ni kazi ya kalamu, na aliyeanza kuitunga ni huyo huyo Theodorus.

Najua kuna msomaji ameshakunja uso: kumbe ni uongo! Polepole, ndugu yangu. Hadithi inaweza isiwe na ushahidi wa tukio, lakini yenyewe ikawa tukio. Hii ilijenga makanisa, ikavisha makaisari mataji. Haikubaki hata kijiji kimoja. Zurich wakadai mashahidi wao Felix na Regula walitoka kwa watu wa Thebe, wakawaweka kwenye mhuri wa mji wakiwa wameshika vichwa vyao mikononi. Solothurn wakasema wao wana Ursus na Victor. Cologne wakasema Gereon ni wao. Kila mji ukataka askari wake, kama vile mitaa yetu kila mmoja unavyodai kwamba mcheza mpira fulani alianzia kwao.

MLINZI WA MAKAISARI

Mwaka 515, Sigismund wa Waburgundi alianzisha abasia pale Agaunum, juu ya makaburi ya mashahidi. Watawa wakagawanywa makundi ili sifa za Mungu ziimbwe usiku na mchana, kundi linatoka, kundi linaingia. Abasia hiyo haijafungwa mpaka leo, na mwaka 2015 ilitimiza miaka 1,500. Lakini tazama mambo ya dunia: mwaka 522 Sigismund huyo huyo, akiwa mfalme, aliamuru mwanawe wa kumzaa auawe, kisha akakimbilia abasia kulia na kutubu. Kanisa la watu waliokataa kuua wasio na hatia likawa mahali pa kufutia machozi ya mfalme aliyeua asiye na hatia.

Hapo mambo yalikuwa yanaanza tu. Mwaka 937, Otto wa Kwanza, mfalme wa Wajerumani, alianzisha monasteri mjini Magdeburg kwa jina la Mtakatifu Morisi. Baadaye, kati ya 960 na 961, akaletewa masalia ya mtakatifu mwenyewe. Mwaka 955 alikuwa amewashinda Wahungaria katika vita vya Lechfeld, akiwa na mkuki mtakatifu ambao baadaye watu waliuita mkuki wa Morisi; leo umehifadhiwa Vienna. Mwaka 962 akavishwa taji la Kaisari mjini Roma. Mwaka 968 Magdeburg ikapata askofu mkuu, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwaingiza katika Ukristo Waslavi walioishi mashariki ya mto Elbe. Kazi hiyo ilikwenda mahubiri mkono mmoja, upanga mkono wa pili. Kufikia karne ya 12, kaisari mpya akipakwa mafuta Roma, alipakwa mbele ya altare ya Mtakatifu Morisi.

Umeona ilivyogeuzwa? Kaisari alimuua Morisi kwa sababu alikataa kuwaua watu kwa ajili ya imani yao. Miaka 700 baadaye, makaisari wengine wanakwenda kuwapiga watu wa imani nyingine, na jina la Morisi liko mbele ya jeshi! Ukimuua mtu anaweza akakushinda kwa kufa kwake. Ukimfanya mlinzi wako, unamfunga mdomo taratibu, kwa ubani na kwa nyimbo.

AKAWA MWEUSI

Turudi kwa yule kaka wa jiwe. Kwa muda wa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walimchora Morisi kama Mzungu. Maandishi ya Eucherius hayasemi lolote kuhusu rangi yake. Yanasema ametoka Thebe. Kule Agaunum kwenyewe hawakumbadilisha. Mabadiliko yalitokea Magdeburg, katika karne ya 13, baada ya kanisa la zamani kuungua mwaka 1207 na kujengwa upya.

Kwa nini wakati ule? Wataalamu wanataja mambo kadhaa. Jina Mauritius linafanana na neno la Kilatini maurus, ambalo Wazungu wa enzi hizo walilitumia kwa mtu mweusi. Halafu Kaisari wa wakati ule, Frederick wa Pili, alikuwa na Waafrika katika watumishi wa ikulu yake, na alipenda kuonyesha kwamba utawala wake unafika mbali. Mtakatifu mweusi anayelinda dola alikuwa ni tangazo: hata watu wa mwisho wa dunia wako upande wetu. Kwa hiyo hata ule weusi, ndugu zangu, uliingizwa jeshini.

Hata hivyo aliyechonga lile jiwe alifanya zaidi ya kutangaza. Wachongaji wengi wa zama zile walipotaka kuonyesha mtu mweusi walimfanya mnyongaji, au mtumwa, au kichekesho. Huyu alichonga mtu. Ukimtazama unaona mtu mwenye mawazo yake. Tajiri aliyelipia kazi alikuwa na nia yake, na mkono wa fundi ukaongeza jambo ambalo tajiri hakuliagiza.

Kutoka hapo Morisi mweusi akaenea. Miaka ya 1520 Matthias Grünewald alimchora kwa ajili ya Kardinali Albrecht wa Brandenburg, akiwa amevaa deraya inayong'aa, anazungumza na Mtakatifu Erasmus uso kwa uso kama watu wa cheo kimoja. Picha hiyo iko Munich. Nyingine, ya Lucas Cranach na mafundi wake, iko New York. Huko Riga na Tallinn, kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki, vijana wafanyabiashara ambao hawajaoa waliunda chama chao, wakajiita Vichwa Vyeusi, wakamchukua Morisi kuwa msimamizi wao na kuweka kichwa chake kwenye nembo. Jina lake limefika hata Bahari yetu ya Hindi kwa njia ya kuzunguka: mwaka 1598 Waholanzi walikiita kisiwa cha Morisi kwa jina la mwanamfalme wao Maurits, ambaye alibeba jina la mtakatifu huyo.

Mji wa Coburg, Ujerumani, nao kwa karne nyingi umeweka kichwa cha Morisi mweusi kwenye nembo yake. Mwaka 1934 Wanazi wakakifuta, wakaweka upanga wenye alama ya swastika. Mwaka 1945 walipoanguka, kichwa kikarudishwa. Mwaka 2020 ukazuka ubishi mwingine: wapo waliotaka nembo ibadilishwe kwa sababu mchoro ule, na hereni yake na midomo iliyokuzwa, unawadhalilisha watu weusi, wapo walioitetea kwamba inamheshimu mtakatifu. Askari wa zamani hajaruhusiwa kupumzika.

JE, NI WETU?

Hapa najua ubishi utakuwa mkali. Kuna wenzetu wakiona picha ya Magdeburg wanaruka: unaona, Wazungu walimwabudu mtu mweusi, wakatuficha! Nawaelewa. Kijana aliyesoma historia ambayo Mwafrika anaonekana tu akiwa amefungwa minyororo ana njaa ya kweli. Lakini njaa isitufanye tule kila kinachopita. Weusi wa Morisi ulitoka kwenye patasi ya Mjerumani. Tukisimamisha heshima yetu juu ya jiwe hilo, tumeisimamisha juu ya mapenzi ya Kaisari Frederick.

Tena hatuna haja. Unataka Mwafrika aliyekataa, ambaye kesi yake iliandikwa? Tarehe 12 Machi mwaka 295, huko Tebessa, nchi ya Algeria ya leo, kijana aitwaye Maximilianus alifikishwa mbele ya liwali Dion ili aandikishwe jeshini. Alikuwa na miaka 21. Akapimwa urefu, akaambiwa apokee alama ya kijeshi shingoni. Akasema yeye ni Mkristo, hawezi kuwa askari. Liwali akamweleza kwamba mbona Wakristo wengine wanatumikia jeshini. Akajibu kwamba hao wanajua wenyewe linalowafaa. Akakatwa kichwa. Mwaka 298, huko Tingis, yaani Tangier ya Morocco, akida Marcellus alihukumiwa kifo kwa kuutupa mkanda wake wa kijeshi mbele ya watu, siku ya sherehe ya makaisari. Kumbukumbu za kesi hizi mbili ni fupi na kavu kama karatasi za mahakamani, na wanahistoria wengi wanazipa uzito ambao hawaipi legioni ya Thebe.

Lakini angalia: Maximilianus hana kanisa kubwa kama la Magdeburg. Hakuna kaisari aliyebeba mkuki wake. Kijana anayekataa hata kuandikishwa ni mgumu kumgeuza kuwa mlinzi wa jeshi. Morisi alikuwa rahisi kidogo: alikuwa tayari ana sare.

WATU WA MTO NILE

Jambo la mwisho linatugusa huku kwetu. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann alikwenda Cairo kuajiri askari. Akapata mamia ya Wasudani waliokuwa wametumikia jeshi la Misri na sasa hawakuwa na kazi. Akawapakia melini, akawaleta pwani yetu kuuvunja upinzani wa Abushiri bin Salim. Desemba mwaka huo huo Abushiri akanyongwa Pangani.

Watu wa mto Nile, wamechukuliwa Misri, wamevushwa maji, wamefikishwa nchi ngeni na kuambiwa: wapigeni hawa. Ni legioni ya Thebe tena, neno kwa neno, isipokuwa mwisho wake. Hawa walitii. Siandiki hivi kuwahukumu. Mtu mwenye njaa na familia, aliyetupwa na jeshi moja, atashika bunduki ya jeshi jingine. Ila nikisimama mbele ya neno letu askari, naona watu wote hawa wamo ndani yake: aliyetii, aliyekataa, na mzee Victor aliyepita njia tu.

Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, hii ndiyo sababu nimewachosha na habari za mtakatifu wa Uswisi. Hadithi ukishaitoa si yako tena. Atakuja mfalme, ataipenda, ataivisha deraya na kuitembeza mbele ya jeshi lake. Eucherius hakuweza kulizuia hilo. Lakini aliandika kwa uwazi kabisa kwamba wale watu walikuwa na silaha mikononi na hawakuua, na sentensi hiyo hakuna kaisari aliyeweza kuifuta. Anayeisoma leo anamkuta Morisi wa kwanza, anayekataa.

Basi tuandike hivyo, kitu kikae wazi mahali ambapo hakifutiki. Na tuanze karibu. Kila mtaa una mzee aliyewahi kuvaa magwanda. Wengi huwaendea kuwauliza walipigana wapi na walimshinda nani. Nenda ukakae naye jioni moja, mnunulie kahawa, halafu muulize jambo ambalo haulizwi: Mzee, shikamoo, ni amri gani uliwahi kuikataa?